Viwili Asubuhi, Viwili Jioni

Rwamgasa, 20 Januari 2025

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu, uko peke yako tangu mama atangulie. Simu huna, ningekupigia kwa simu ya jirani, lakini masikio yako yanajulikana, kwa hiyo barua zitapita kwa Amosi, konda wa basi la Kahama.

Hapa kituoni daktari hatuna. Tangu nirudi kutoka masomoni ni mimi ninayepima, ninayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Wachimbaji wa dhahabu wamejaa presha na sukari. Ndiyo maana Krismasi, nilipokuona unakunywa kata tatu za maji na kutoka nje kila saa, sikuhitaji kuambiwa. Meza vile vidonge vyeupe, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Punguza ugali. Pima kidole kama nilivyokufundisha, uniandikie namba.

Mwanao, Limi


Ushetu, 3 Februari 2025

Kwa binti yangu Limi,

Marahaba, mayu. Mimi sijambo, tumbaku nayo si haba. Kipimo nakiweza, nilikuwa karani wa chama miaka kumi na tisa, namba hazinitishi. Jumatatu 17, Alhamisi 16, Jumapili 17. Kiu bado ipo. Majirani wanasema wananionea wivu, binti ananitibu kwa barua. Wabeja, asante sana mwanangu.

Baba yako


Rwamgasa, 7 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Namba hizo zimeninyima raha. Nilitarajia ziwe zimeshuka. Huenda mwili wako ni sugu kwa dawa hii, wapo watu wa hivyo. Sasa meza viwili asubuhi, viwili jioni. Nimempa Amosi vya kutosha. Ugali upunguze zaidi, uji wa asubuhi uache kabisa.

Mwanao, Limi


Ushetu, 5 Machi 2025

Limi mwanangu,

Marahaba. Naendelea, ila macho yana ukungu kidogo. Namba ni 15, 14, 15. Usinune, zinashuka taratibu.

Jirani yetu Mihayo anakusalimu sana. Naye alikuwa na kiu kama yangu, na zahanati yetu dawa hiyo huwa haipo. Tangu mwanzo mimi nameza vya asubuhi, yeye namwachia vya jioni. Kizuri kula na nduguyo. Huyu ndiye aliyenisaidia kumzika mama yako, ningemezaje peke yangu huku ananitazama?

Baba yako


Rwamgasa, 10 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikalia kwa hasira. Mwezi mzima najiuliza nimekosea wapi, kumbe nusu ya dawa inaliwa na jirani! Kidonge si kiazi cha kugawana, baba. Mihayo aende akapimwe hospitali ya wilaya. Wewe meza vyote, viwili asubuhi na viwili jioni, usipunguze hata kimoja. Kama unanipenda, nitii safari hii.

Mwanao, Limi


Rwamgasa, 11 Machi 2025, mchana

Baba,

Samahani naanza bila salamu. Usimeze vyote. Nimekosea mimi.

Nilikuwa namhudumia mama mmoja wa sukari, nikawa namwandikia dozi, kalamu ikanigandia mkononi. Wewe nilikuongezea dawa kwa sababu nilidhani unameza yote na haifanyi kazi. Ilikuwa inafanya kazi, ila ulikuwa unapata nusu. Ukimeza vinne kwa siku, na uji nimekukataza, sukari itashuka kupita kiasi. Ukiona jasho, mikono ikitetemeka, kunywa maji ya sukari palepale, usilale.

Nimepiga simu ya Mihayo tangu asubuhi, imezimwa. Namba nyingine ya huko sina, na Amosi akiwa njiani hapatikani. Basi la leo limeshapita, barua hii itaondoka kesho na itakufikia keshokutwa jioni. Ningekuja mwenyewe, lakini duara, shimo la wachimbaji, limeporomoka, majeruhi tisa wako sakafuni na muuguzi ni mimi peke yangu. Natibu watu nisiowajua, baba, na wewe siwezi kukufikia.

Mwanao, Limi


Ushetu, 13 Machi 2025, asubuhi

Kwa binti yangu Limi,

Marahaba, mayu. Barua yako ya hasira Amosi aliniletea jana asubuhi. Umesema kweli, na mzazi naye hukosea. Nilimweleza Mihayo waziwazi, akanuna, akaenda zake kwa mwanawe anayeishi Runzewe.

Nimekutii. Jana viwili asubuhi, viwili jioni. Leo viwili tena, na uji sijaugusa. Kiu imekwisha kabisa. Nimelowa jasho ingawa kuna baridi, na mikono inatetemeka, utaona hata mwandiko. Nadhani ndiyo sukari inatoka mwilini. Furahi, mwanangu, dawa yako imeshinda.

Usingizi umenijia ghafla, wacha nijinyooshe hapa kibarazani. Nikiamka nitapima, namba nitakuandikia hapa chini: