Kaburi la Kumngoja Kaka

Baba,

Basi ni huyo huyo niliyemchukua. Yule uliyemgeuzia uso ukutani alipokuja kukuamkia, halafu ukaniuliza kama ana ng'ombe hata mmoja au ana chaki tu.

Nimeolewa na Desderi, Baba. Hii ni wiki ya saba, na bado nikiamka namtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe asije akakidai. Nina furaha mpaka naona aibu. Tunakaa Mwazye, nyumba ya shule, chumba kimoja na varanda, katika baridi hii ya mwezi wa saba inayopasua midomo. Lakini yeye huamka kabla yangu, akawasha moto, akanichemshia maji ya kuoga. Walimu wenzake wanamcheka. Wanamwuliza kama ameoa au ameajiriwa. Anawajibu kwamba ameajiriwa, na hataki likizo. Nikiunguza ugali wa ulezi anakula ukoko na kusema ndio anaoupenda. Akisahihisha madaftari huandika jina langu pembeni, halafu hulifuta kabla watoto hawajaliona. Ningeweza kujaza kurasa kumi kwa habari zake. Najua kila mstari ungekuchoma, na ndiyo maana ninaandika.

Harusi ilifanyika Msanzi, kwa kina Mama. Kwao, kama ulivyojua na hukutaka kujua, mtoto ni wa ukoo wa baba yake na ni wa ukoo wa mama yake, halazimishwi kuchagua. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mama wadogo waligombania kunifunga kitambaa. Mjomba Gaudensi, kaka yake Mama, alipokwisha kunywa pombe ya ulezi alisimama akasema habari zako mbele ya wageni wote.

"Shemeji yetu Mchina alituchongea milango ya nyumba zote za hapa. Hata mmoja hakutaka kuupita."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, Baba. Nilicheka kuwashinda.

Maana ni kweli. Ulitoka kwenu ukiwa kijana na sanduku la vifaa vya useremala, ukapita Unguja, ukaishia kwenye karakana yako Sumbawanga, ukamwoa Mama, ukanizaa mimi. Mji mzima ulikuita Baba Roza na uliitika. Ila moyoni hukuitika.

Unakumbuka siku za kuwaandalia babu zako waliokufa chakula? Mama alipokwisha kufa, mimi ndiye niliyekuwa napika. Kuku mzima na kichwa chake, wali, chai ya majani bila maziwa. Nikishapanga mezani, unaniambia nikae jikoni. Halafu unaiegemeza picha ya kaka kwenye kiti, ile picha ndogo ya mvulana mwenye masikio makubwa, ili naye awepo. Kaka! Mtoto wa ndugu yako, uliyepewa kwa barua awe mwanao, ambaye hukuwahi kumshika hata kidole. Lakini katika jina lake mlikuwa na lile neno la ukoo wenu walilo nalo wanaume wote wa kizazi chake, na kule kwenu alikuwa ameandikwa kwenye kitabu cha ukoo, chini yako. Nilikuwa darasa la tano nilipokuuliza jina langu liko ukurasa gani. Ulikuwa unapima mlango, hukuinua kichwa.

"Msichana haandikwi. Akiolewa anakuwa mtu wa kwa mumewe."

Nikauliza, na Mama je? Ukaendelea kupima.

Ulipougua nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Nilikulisha uji, nikakuosha miguu, nikakugeuza kitandani. Mjomba alikuja kusema kwamba siku ikifika ulale Msanzi, karibu na Mama. Ukakataa. Ulitaka ule mteremko nje ya mji, peke yako, kaburi la muda tu, mpaka kaka aje akuchimbue, aisafishe mifupa yako na kuirudisha kwenu kama ilivyo desturi yenu.

"Mwandikie kaka yako. Mlindie kaburi mpaka aje. Usiolewe kabla."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Jina langu halimo.

Nililinda miaka mitatu. Nilipalilia, nilipanga mawe, niliwafukuza mbuzi. Desderi alinisubiri bila kununa, kila likizo alikuja na baiskeli yake na vumbi mpaka kwenye kope, tukakaa kwenye mteremko wako tukishikana mikono. Ulituona? Natumaini ulituona. Na katika sanduku lako la vifaa, chini ya patasi, nilikuwa nimeikuta barua ya kaka. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. Sumbawanga nzima hakuna aliyeweza kuisoma. Mimi niliamini imeandikwa, nakuja. Niliilalia chini ya mto kama barua ya mchumba.

Baada ya harusi Desderi alinipeleka Mbeya, kwa dada yake. Huko wako wenzako wengi wanaojenga reli, na wana mkalimani, kijana mwembamba mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Aliisoma barua kimya mara mbili. Kisha akanisomea kwa sauti ya chini, amesimama.

Kaka aliandika kwamba kitabu cha ukoo kimechomwa moto. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitoa kwenye nyumba ya mababu, pamoja na vibao vyao vya majina, yeye na vijana wenzake wa mapinduzi, wakaviteketeza uani. Lile neno la kizazi amelitoa katika jina lake. Hana baba nchi za nje. Usimwandikie tena.

Nikauliza iliandikwa lini. Mkalimani akahesabu. Kwa safari yake ya meli na posta, ilikufikia wiki chache kabla hujalala kitandani.

Kwa hiyo ulijua, Baba.

Nilipokuwa nakukanda miguu, ulijua. Ulijua hakuna kitabu, hakuna kaka, hakuna mtu duniani aliyekuita baba ila mimi. Bado ukaniambia nimngoje. Uliona afadhali uwe baba wa mtu aliyekukana kuliko uwe baba wa msichana aliyekushikia kikombe.

Nilitoka nje. Desderi alikuwa ananisubiri na ndizi mbili mkononi. Nilimkumbatia barabarani mbele za watu, wazee wakageuza macho. Furaha yangu siku ile ilikuwa mbaya. Nilifurahi kwamba kitabu kimeungua. Nilifurahi kwamba ulikufa unajua.

Sasa nikueleze kilichobaki. Mteremko wako umepimwa kuwa shamba la kijiji. Watu wanahamia kwenye mistari ya nyumba mpya, na trekta inakuja mwezi ujao. Mwenyekiti ametangaza kwamba aliye na mtu wake pale amhamishe, asiyehamishwa atalimwa. Nilikwenda kwa Mjomba, nikamwamkia shikamoo. Akanionea huruma, akaanza yeye.

"Alitukataa akiwa na nguvu," alisema. "Sasa hana. Mlete alale kwa mke wake."

Umesikia? Kwenu mwanamke ndiye anayehamia kwa mume na kuhesabiwa huko. Wewe utahamia kwa mke. Utahesabiwa pamoja na wafu wa Msanzi, baada ya babu yake Mama na kabla ya mtoto wa Mjomba aliyekufa kwa surua. Watoto wangu wakizaliwa wataonyeshwa wewe, wataambiwa huyu naye ni wa kwetu, na hutakuwa na mdomo wa kubisha. Ule ubao wa kaburi uliojichongea, wenye jina la kaka kama mwana aliyeusimamisha, nimeupiga randa mpaka ukawa mweupe. Sikuandika langu. Nimeuacha mtupu kwanza, nawe uone inavyokuwa.

Desderi anasema nitakusamehe. Yeye humsamehe kila mtu, hata mkaguzi wa shule, na ndiyo maana nampenda mpaka kifua kinauma. Mimi bado. Labda nikizeeka.

Pumzika kwa sasa. Kabla mwezi huu haujaisha, siku ya Jumamosi, tutafika pale mteremkoni: mimi, mume wangu, Mjomba na majembe mawili. Mifupa nitaiosha mwenyewe. Sitakuuliza unataka kwenda wapi. Usimngoje mtu mwingine.

Roza