Kutembea Kabla Jua Halijachomoza

Jumanne, 4 Februari
Nimetembea hadi darajani na kurudi. Jasho kidogo, pumzi haikukatika. Ndivyo alivyoniagiza yule mama daktari wa kliniki: tembea kiasi asubuhi kabla jua halijawa kali, na mchana ujilaze kidogo. Vidonge peke yake havishushi presha. Mguu wa kushoto haujafa ganzi wiki hii.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani kama mimi, kule Taita. Alikaa kitini kutwa, miaka nenda miaka rudi, hadi kiharusi kikamwangusha kitambaa kikiwa mkononi. Baada ya hapo alilishwa uji kwa kijiko mpaka akafa. Sitaki kuishia hivyo. Sitaki kabisa.

Mama mkwe amenikuta nimejilaza saa nane mchana. Akasimama mlangoni, akasonya, akaenda zake.

Alhamisi, 13 Februari
Mama wa mboga pale sokoni Rodi Kopany amekuja kuchukua kitambaa cha sare ya binti yake. Nilikuwa nimeshakikata. Amebeba vipande hivyohivyo, mikono upande mmoja, kola upande mwingine, wala hakuniangalia usoni. Sikuelewa. Nimeudhika siku nzima.

Jumamosi, 15 Februari
Sabato. Tumetoka kanisani, tumekula, nyumba nzima imelala. Mama mkwe ameanza kukoroma kabla sahani hazijaoshwa. Leo kupumzika ni utakatifu. Nikipumzika mimi Jumanne, ni uvivu. Siwezi kulisema hili kanisani, basi naliandika hapa.

Jumatano, 19 Februari
Sasa najua. Wanasema mimi ni jajuok, mchawi wa usiku. Wale wanaokimbia usiku, uchi, wakirusha mawe juu ya mabati ya watu. Mtu ameniona alfajiri nikitembea haraka. Sina jembe, sina ndoo, siendi popote. Hapa mtu akitembea lazima awe na anakokwenda. Na mimi ni mke wa kuja, Nyar Taita, binti wa Taita, kama wanavyoniita; nani anajua nimetoka na nini kwetu.

Nilicheka. Mume wangu, Baba Neema, naye akacheka, akasema, "Jajuok gani huyu, na usiku anakoroma hivi?" Nilimpenda sana kwa neno lile. Lakini mama mkwe hakucheka.

Jumapili, 23 Februari
Wifi yangu Dorka, dada mkubwa wa Baba Neema, amekuja kutoka Uriri. Hakuja kusalimia. Kikao sebuleni, mimi nimewekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

"Nyar Taita, hatusemi ni wewe. Lakini watu wanaongea, na hii ni boma ya watu wa kanisa. Kama ni mazoezi unataka, si ulime? Shamba iko."

Nalima. Nimelima miaka yote. Kuinama juani ndiko daktari alikonikataza. Nikasema hivyo. Dorka akauliza huyo daktari ni wa wapi na ameolewa na nani. Mama mkwe ndiye aliyekata shauri: kama ni lazima nitembee, nitembee saa sita mchana, watu wanione.

Baba Neema alikuwa anaangalia simu. Hakuinua macho hata mara moja. Nimemkasirikia kuliko wote.

Ijumaa, 28 Februari
Wiki nzima nimetembea saa sita, jua la utosi. Leo nimeshikwa na kizunguzungu karibu na mashine ya kusaga. Nimekaa chini kwenye vumbi. Watu walisimama mbali wakinitazama. Hakuna aliyenishika mkono.

Jioni habari ni mpya: nimerukwa na akili. Alfajiri mchawi, adhuhuri kichaa. Nimechoka nao. Nimeacha kutembea, wafurahi.

Alhamisi, 13 Machi
Presha imepanda kuliko mwanzo. Mguu umekufa ganzi tena, nakanyaga cherehani bila kuusikia. Daktari alinituma Homa Bay mjini nikapimwe moyo, nikatoka Rodi na gari la kwanza.

Nilifika kabla jua halijatoka. Kando ya ziwa wanawake wa maofisini wanakimbia. Wanakimbia! Mimi hata sikukimbia. Suruali za michezo, raba nyeupe, chupa ya maji mkononi. Wauza samaki wanawapisha njia na kuwaita madam. Kumbe shida ilikuwa leso na malapa yangu. Nikiwaza kununua suruali kama ile namwona mama mkwe tayari ameita kikao kingine.

Jioni nimemwambia Baba Neema nataka kupanga chumba Homa Bay, nihamishie cherehani huko. Nilisema ili akatae. Nilikuwa nimeshajiandaa kubembelezwa.

"Sawa," akasema. "Itakuwa poa kwanza. Watu wasahau kidogo."

Jumapili, 30 Machi
Nimetembea kando ya ziwa, polepole. Mama mmoja anayeanika omena amenisalimia, nikamwitikia kwa furaha kama mjinga. Wateja bado wachache. Mguu uko sawa. Nikijilaza mchana hakuna anayesonya.

Baba Neema amekuja leo na unga na maharage. Sikuwa nimemwona tangu nihame. Nilichana nywele, nikapika chai ya maziwa. Alinihadithia habari za Neema shuleni, tukacheka kidogo. Nikadhani amekuja kunichukua.

Kisha akainuka akarudishia mlango. Akaongea chini chini, bila ukali, kwa upole wote alio nao.

"Mama Neema, niambie tu ukweli. Sitakasirika. Ulikuwa unakimbia usiku?"

Tumelala kitanda kimoja tangu kabla Neema hajazaliwa. Kila alfajiri nilimruka miguu nikishuka, na kila alfajiri aliniuliza kama nimebeba sweta.

Nimemwambia magari ya Rodi hujaa mapema, awahi. Nimeosha vikombe. Nimejilaza, maana ulikuwa muda wa kujilaza. Usingizi haukuja. Nimelala hivyo, macho juu ya mabati, hadi muda ukapita.