Jibu la Adabu

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi, 4 Novemba 2013

Binti yangu mpendwa Espérance,

Amani ya Bwana ikufikie huko kambini Mitwaba. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia siku kumi na tisa. Hofu ilinizuia mkono. Afya yangu ni ya kushukuru.

Mwanao Plamedie anasoma. Mwezi uliopita Mademoiselle Bwalya, wa chuo kikuu cha Kasapa, alikuja shuleni kuwauliza vijana waliokimbia vita maswali ya moyo: kama wanaota vitisho, kama hujikuta mahali wasijue wamefikaje. Asubuhi ile nilimwonya mjukuu wangu: mgeni akikuuliza hali, jibu «muzuri», hata kama kuna msiba. Akajibu hivyo maswali yote. Karatasi ikasema hana shida.

Jumamosi iliyofuata alisimama ghafla katikati ya barabara ya soko, macho wazi. Mwenye pikipiki alifoka: «We mutoto, unalala mu njia?» Hakusikia. Nilipomvuta, akaniuliza mimi babu yake: «Kambo, ni nani alinileta huku?»

Nakusihi uniambie: kijiji kilipoungua, ni nini kilichompata?

Baba yako,
Adalbert Kasonde

Mitwaba, 20 Novemba 2013

Baba,

Jambo sana. Habari ya mwili? Mimi niko muzuri. Plamedie hakuona kitu. Usiseme kwa bale bantu ba chuo, batamuita kichaa, masomo yake itakufa. Anyamaze tu. Itapita.

Binti yako,
Espérance

Lubumbashi, 2 Desemba 2013

Binti yangu,

Pokea salamu zangu za heshima, na unisamehe: sikukutii. Nilikwenda kuungama kosa langu kwa Mademoiselle Bwalya. Alimwuliza mtoto upya, akimwambia: «Kwangu hata mubaya ni jibu ya adabu.» Plamedie akacheka kidogo. Kisha akajibu «ndiyo» mara kumi na moja.

Alisema mlijificha siku mbili katika mihogo, baba yake akiita kutoka njiani, nawe ukimshika asiende. Sauti ile humrudia. Ikija, hujiona kwa mbali, kama mtoto wa wengine.

Sikulaumu, mwanangu. Ungemwachia mkono, leo ningekuwa nawalilia wawili, baba na mtoto.

Ninachoogopa ni kwamba uso wako unampotea. Nilimsomea barua yako, akasema: «Hiyo si mama. Muntu yeyote anaweza kuandika vile.»

Mademoiselle atamwona kila Alhamisi, lakini mtoto anakuhitaji wewe, uketi kando yake.

Barua hii inabebwa na Kapya, dereva wa lori la unga. Nimemwomba asiondoke Mitwaba kabla hujapanda lori uje kwetu.

Baba yako,
Adalbert