Kitabu Chenye Kifungo

Jumatatu, 4 Machi

Nimefanya! Kitabu cha kwanza nimekiacha kwenye benchi la kituo cha basi. Nimekipiga pini kikaratasi: "Sijapotea. Nichukue, unisome, kisha uniache pengine." Halafu nikajificha nyuma ya kibanda cha vocha kama mwizi wa kuku. Mzee mmoja akaja, akakikalia. Akakikalia! Nimechelewa kazini, bosi kanuna.

Dada anasema vitabu vya marehemu baba niviuze kwa kilo, wauzaji wafungie karanga. Kweli chumba kimejaa. Tangu mama ahamie kwangu tunapishana kwa ubavu. Lakini karanga? Hapana.

Jumatano, 6 Machi

Viwili leo. Kimoja kwa muuza ndizi, kando ya mizani yake. Kingine kliniki, jirani na kwa dobi ninapopiga pasi. Nachukua tu vya juu, sifungui. Nikifungua nitaanza kusoma, na nikisoma sitoi. Kwa nje vyote ni sawa. Baba alikuwa fundi wa sare za shule, na kila kitabu alikishonea koti la kaki kwa mabaki ya kaptula. Vimejipanga ukutani kama wanafunzi mstarini.

Kazini situlii. Natoka kila mara kuchungulia kliniki. Bosi kauliza kama tumbo linanisumbua. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa.

Nimerudi, mama kakaa kitandani na vitabu mapajani, anavipapasa kimoja kimoja. Macho yake yanaona mwanga tu siku hizi. Cha kifungo kiko wapi? Kifungo gani, mama? Kile baba yako alichokuwa ananisomea. Alikishonea kifungo pembeni ili mkono wangu ukijue.

Sikujua! Jioni zote zile baba anamsomea, mimi niko zangu na simu.

Anataka nimalizie mimi. Kuna mwanamke kasafiri kumtafuta mumewe, kafika, kabisha hodi. Hapo baba akasema tutaendelea kesho. Kesho yake akalazwa, na hakutoka. "Tumemwacha mlangoni, mwanangu," mama kasema. "Mpaka leo kasimama tu."

Nikasema kimechanganyika na vingine, nitakitafuta. Muongo mkubwa mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Kituoni – hamna. Muuza ndizi anacho chake, hakina kifungo, na hakirudishi ng'o. Si uliandika "nichukue", kaniuliza.

Ningenunua kingine, lakini jina lake mama halijui. Baba alikuwa anakaa na kuanza kusoma, basi. Dada kacheka mpaka kakohoa: ningeuza kwa kilo, angalau tungejua kiko kwa muuza karanga gani. Nimeingia chooni nikalia.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekiona! Kliniki, korido ya wanaosubiri kusafishwa damu. Dereva wa lori, mtu mzima, anamsomea mkewe kwa sauti ya chini. Kaki. Kikaratasi changu bado kimening'inia. Wagonjwa wengine wamesogeza viti. Mkewe anachezea kifungo kwa kidole huku anasikiliza.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Niseme nini sasa? Nirudishie? Maneno yangu mwenyewe yananitazama pale kwenye pini. Nikauliza tu mwanamke kafika wapi. Bado yuko njiani, kasema dereva. Mkewe akadakia: usituambie mwisho!

Hata mimi siujui, dada yangu. Wanakuja tena Alhamisi. Nimerudi kazini nikaunguza kola ya shati la mtu.

Jioni nimemwambia mama ukweli wote. Nilingoja anitukane. Kauliza: "Anasoma vizuri?"

Alhamisi, 14 Machi

Naandikia gotini, hapa hapa korido. Mama kavaa gauni lake la kutokea. Dereva kampisha kiti. Mkewe kauongoza mkono wa mama mpaka kwenye kifungo. Mama kakishika. Mimi roho juu – je, akikiomba?

Dereva kasoma. Hasomi haraka. Mwanamke kafika mjini, kauliza njia, kaiona nyumba. Kabisha hodi. Na hapo hapo nesi kaita: mke wa dereva aingie, zamu yake!

Dereva kafunga kitabu, kasimama amshike mkewe mkono. "Tutaendelea siku nyingine, mama."

Mama kamkamata shati. "Siku nyingine hapana, baba. Hiyo naijua."

Mke wa dereva kamtazama mama, kakichukua kitabu kwa mumewe, kaniwekea mapajani. Soma wewe, kasema. Mlango utabaki wazi, nitasikia nikiwa kitandani. Nesi kakubali, ila tungoje kwanza amchome sindano.

Tunangoja. Kidole kiko kwenye ukurasa. Kuna alama ya chaki ya fundi pembeni, baba aliishia hapa. Mama kanigeuzia uso. Sijawahi kumsomea mama hata ukurasa mmoja.

Nesi kanipungia mkono, nianze –