Sindano ya Mama Mkwe

Isongole, Tukuyu

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje na baridi hii? Upendo ameota meno mawili, ananing'ata akinyonya. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungepanda basi siku hiyo hiyo.

Mama mkwe wangu amelazwa. Ilianza na video ya kwaya. Aliitazama kwenye simu yangu akauliza, "Huyu bibi aliyekunjamana ni wa kanisa gani?" Nikamwambia, "Ni wewe huyo, mama." Akacheka, lakini siku ile hakula. Baadaye akaniomba nimsindikize Bulyaga, kwa dada mmoja anayechoma sindano za kuondoa makunyanzi, chumba cha nyuma ya saluni. Akachomwa kwenye paji la uso, pembeni mwa macho, hadi shingoni. Kurudi akaniapisha: "Mzee asijue. Hata mumeo."

Siku chache tu, kope moja ikashuka. Akajitanda khanga, akasema ni upepo. Kisha asubuhi moja nikampa chai, ikatokea puani. Sauti ikakwama, pumzi anaivuta kwa shida, na bado ananitikisia kichwa nisiseme.

Mume wangu alikuwa amepeleka viazi Dar. Nyumbani alikuwepo baba mkwe tu. Nilishakueleza, kwenye ukoo huu mke wa mtoto haongei na baba mkwe wala hamtazami. Tangu niolewe sijampa hata shikamoo. Nikimsikia anakohoa uani, naingia ndani. Basi Mama, nilimfuata bandani kwa ng'ombe, mtoto mgongoni.

"Baba, mama anakufa!"

Akageukia ukutani, ndiyo mazoea. "Nani ananisemesha?"

"Ni mimi, baba. Alichomwa sindano za uso, tulikwenda wote. Geuka, baba, twende!"

Akageuka. Mara ya kwanza kuona macho yake.

Tukapata gari la jirani. Hospitali daktari akauliza amekula nini. Baba mkwe akaniambia mbele ya watu wote, "Sema, mwanangu. Usibakize." Nikasema. Daktari akasema ni sumu ya zile sindano, bila kuambiwa wangetibu kitu kingine. Wakamkimbiza Mbeya, akawekewa mashine ya kupumulia.

Huku nyuma shangazi wa mume wangu akasema nimevunja mwiko, nirudishwe kwetu Singida. Sikulala, Mama. Nilijua mama mkwe akifa, sina kwangu.

Jana mashine wameitoa. Nikaingia kumwona. Kope bado imelala, sauti ya kunong'ona.

"Umemwambia."

"Ndiyo, mama."

"Akaja na mabuti ya bandani?"

"Na samadi yake, mama."

Akatabasamu upande mmoja, upande wa pili umegoma. "Niletee mjukuu wangu," akasema. "Na huyo shangazi mwambieni mkwe ni wangu, si wake."

Kumeza bado ni vijiko vya uji, na daktari anasema itachukua muda. Ila nimelala usingizi.

Msalimie baba mdogo aliyeninunulia daftari za shule, na bibi mzaa baba. Dada Rehema, anayependa urembo, msomee barua hii yote, usiruke neno.

Uniombee, Mama, leo anywe maji bila kupaliwa.

Mwanao,
Mariamu, mama Upendo