Mume wa Askari

Jumatatu, 22 Julai
Nimemsuka Amina kabla ya shule. Mistari imekwenda upande. Hakulalamika, kazoea. Nimeshona sare, nimepika ugali na kisamvu. Hapa Quitunda wanajua mama yake anasomea uuguzi Nampula. Uuguzi ni kweli. Nampula ni uongo. Mke wangu Zaituni yuko jeshini, anatibu askari huko bara. Tulikubaliana kuficha tangu wenye silaha walipoanza kuulizia nyumba za jamaa wa askari. Amina hajui. Hata mama yangu hajui.

Alhamisi, 25 Julai
Kule kwetu, kabla eneo halijachukuliwa kwa ajili ya gesi, ningeongea na simu nyuma ya nyumba na asinisikie mtu. Hizi nyumba za bloku tulizohamishiwa zimebanana, jirani anasikia ukikohoa. Nimekwenda hadi barabarani kumpigia Zaituni. Rede hakuna, simu haishiki mtandao. Nimerudi.

Ijumaa, 2 Agosti
Nimetoka kuswali, nimemkuta mama kakaa kando ya cherehani.
"Mkeo kapata bwana kwenye kazi za gesi," kasema. "Mwaka wa pili huu. Watu wananicheka mimi."
"Anasoma, mama."
"Masomo gani hayana likizo?"
Kanitajia mjane mmoja wa Olumbi, mpole, anajua kulea. Nimechukua mkasi. Mama hana kifua. Akijua leo, kesho bombani wanajua wote. Naona aibu. Mke wangu anasemwa mbele yangu nami nakata kitambaa.

Jumanne, 6 Agosti
Gari la jeshi limeshambuliwa njia ya bara. Kuna waliokufa. Kaniambia mteja, nikimpima kanzu ya Idi.
"Bora wao kuliko sisi," kasema.
Nimempima mabega, nikasahau, nikampima tena. Ningefunga kazi wangeuliza kulikoni. Nimeshona hadi magharibi. Nimepiga simu. Haiiti.

Jumatano, 7 Agosti
Kimya.

Alhamisi, 8 Agosti
Kimya. Nimemfokea Amina kwa kumwaga maji. Maji kidogo tu. Naogopa, na hakuna wa kumwambia kwamba naogopa.

Ijumaa, 9 Agosti
Kapiga nikiwa barabarani. Yu hai. Alibaki kambini, waliojeruhiwa garini wameletwa kwake awatibu. Sauti imekauka. Likizo ya Idi imefutwa, majeruhi ni wengi.
Nimemweleza habari ya mama na mjane.
"Baba Amina, waambie umeniacha. Watatulia. Na nyinyi mtakuwa salama zaidi."
"Talaka siitamki, Mama Amina. Hata kwa uongo."
"Basi waambie mimi ndiye niliyewakimbia."
Nimekasirika. Nimemwambia hanitakii mema. Kasema anatutakia tulale bila hofu. Rede ikakatika. Nimekaa pale barabarani mpaka hasira ikaisha. Nitafanya anavyotaka.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimemwambia mama: Zaituni katukimbia, na mimi sioi. Kalia. Kisha kamtukana mkwewe matusi mazito, mtu ambaye aliwahi kumuuguza wiki nzima. Nimesimama nikasikiliza yote. Jioni kafunga kanga zake, kaenda kwa dada yake Olumbi. Kasema hawezi kula Idi na mwanamume asiyejua kuwa kaachwa.
Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatatu, 12 Agosti
Idi. Amina kavaa gauni nililomshonea, la kijani. Msikitini watu wamenishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Habari imeshafika.
Majirani wametuletea wali na nyama, sahani juu ya sahani. Hawajawahi kutuletea hivyo. Tumekula wawili.
"Bibi kasema mama hatarudi," Amina kaniambia.
"Atarudi."
"Nitamjuaje?"
"Yeye atakujua wewe."
Karidhika, kaendelea kula. Mimi sikuridhika.
Alasiri nimeosha sahani za watu na kuzirudisha. Kila mlango wamenipa pole. Nimeshukuru.