Kura za Levin Truitt

Kent, Delaware
Oktoba 1792

Dada yangu mpenzi Keziah,

Kwanza nikujulie hali. Natumaini kifua kimepoa, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Nachonga vigae vya mbao, napika uji wa mahindi, nala peke yangu. Tangu mke wangu Orpah atangulie na mimi nihamie huku, hakuna anayepiga hodi kwangu ila mwenye paa linalovuja.

Habari kubwa ni uchaguzi. Jimbo letu lina kiti kimoja tu kwenye Kongresi huko Philadelphia, lakini kama ujuavyo, sheria inamtaka kila mpigakura aandike majina mawili, na moja lazima liwe la mtu wa kaunti nyingine. Ukiandika moja tu, karatasi yako inatupwa. Basi kabla ya kura alinijia Purnell Waples, jirani yetu wa zamani kule kaunti ya Sussex, na gunia zima la chaza. Akaniambia, "Kaka Levin, jiandae! Sussex nzima inaandika jina lako." Nikamwambia aache utani wake, mimi sijawahi kuhutubia hata kuku. Akaapa kwamba ni kweli tupu.

Dada, kichwa kilivimba. Nililipiga pasi koti la harusi, nikaanza kupanga nitakayoyasema Philadelphia kuhusu barabara zetu mbovu. Siku ya kusomwa kura nilifunga safari hadi Georgetown, kule Sussex. Umati ulikuwa uwanjani, ng'ombe mzima anachomwa. Karani akasimama mlangoni pa mahakama, akamtaja kwanza Elzey Burbage, mtu wao wa Sussex, na watu wakashangilia. Kisha akasoma, "Levin Truitt wa Kent," na kura zangu zilikaribia kabisa zile za Burbage. Nikavua kofia niwashukuru. Uwanja mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko.

Purnell alinivuta kando, anafuta machozi ya kucheka. Akasema, "Usinune, kaka. Tungemwandika mkubwa yeyote wa Kent, kura zetu zingemsaidia kumpiku Burbage. Tulitaka mtu ambaye kwao hapati hata moja. Nani mwingine kama si wewe?" Nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo ujanja wao haukuwafaa kitu, maana kiti kimekwenda kwa mtu wa kaunti ya New Castle.

Niliporudi huku Kent nikaambiwa nimepata kura moja. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Walipotawanyika kwenda kula, mimi sikuondoka. Nilimfuata karani nikamwomba alisome jina langu tena. Alinitazama, akadhani nabisha hesabu. Nikamwambia hapana, nataka kulisikia tu. Akalisoma taratibu, jina lote, na mimi nikalia mbele yake. Tangu Orpah afe, hakuna mtu aliyekuwa amelitamka hivyo.

Dada, upweke umenishinda. Sijui kama shemeji atakubali nihamie kwenu, lakini kona ya jikoni inanitosha, na paa lenu nitalitengeneza. Msalimie yeye na watoto, waambie mjomba anawapenda.

Naomba uniite, Keziah. Safari hii jina langu liitwe kwa kweli, si kwa mzaha.

Ndimi ndugu yako,
Levin Truitt